Hongo ya Usagara na asilimia 30 ya kwenye simu yako

Leo ukisema umetoa hongo, watu watakuangalia kwa jicho la pembeni. Miaka 150 iliyopita neno hilohilo halikuwa na aibu yoyote. Hongo ilikuwa ada ya njia. Msafara ukitoka Bagamoyo kwenda Tabora au Ujiji ulipita kwenye himaya za watawala wengi, na kila mmoja alitaka chake: doti kadhaa za merikani, kaniki, shanga, nyaya za shaba. Ukilipa unapita, unachota maji, unanunua mtama, na ukiibiwa una mtu wa kumlalamikia. Usipolipa, shauri yako.

Neno hili hunijia kichwani kila ninaposoma habari za kesi kati ya watengenezaji wa aplikesheni na kampuni za Apple na Google. Wengi tunadhani huu ni ugomvi mpya wa California. Kwa kweli ukitaka kuuelewa vizuri, anzia Kilosa.

Wilaya ya Kilosa imekaa mahali ambapo njia kuu ya misafara iliacha tambarare na kuanza kupanda milima ya Usagara. Kabla ya milima kulikuwa na bonde la mto Mkata. Sehemu ya bonde hilo leo iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, na watalii hulizunguka kwa magari wakitafuta simba. Stanley alilivuka mwaka 1871 wakati wa masika, akiwa na punda na wapagazi, na tope likamtesa vibaya. Namtaja kwa sababu moja tu: msafara ulikuwa kitu cha gharama kubwa sana hata ukiwa umesimama. Wapagazi mia mbili wanakula kila siku, mkitembea au msitembee. Mtawala wa njiani alilijua hilo. Hakuhitaji jeshi kubwa, alihitaji tu kukuchelewesha. Siku tatu za kujadili hongo zilikuwa siku tatu za kulisha watu mia mbili.

Ukishavuka Usagara unaingia Ugogo, na hapo ndipo wasafiri wote walilia. Ugogo ni kukavu. Visima ni vichache na vina wenyewe. Wafanyabiashara waliwaita watawala wa Ugogo wanyang'anyi, lakini hebu tuwe wakweli: kisima kilichimbwa na mtu, kinalindwa na mtu, na msafara mmoja unaweza kukikausha kwa siku mbili. Kulikuwa na huduma nyuma ya ile ada. Swali lilikuwa kiasi gani, na nani anaamua.

Hapa naomba niingize hesabu kidogo, msikimbie. Mwaka 1838 Mfaransa Augustin Cournot aliandika kuhusu watu wawili, mmoja ana shaba yote na mwingine ana zinki yote, na fundi anahitaji vyote viwili ili atengeneze shaba nyeupe ya manjano ile ya vitasa na vinara. Aligundua kwamba wawili hao wakipanga bei kila mtu kivyake, fundi anaumia zaidi kuliko kama mali yote ingekuwa ya mtu mmoja. Tulete Usagara. Tuseme idadi ya misafara inayopita kwa mwaka ni 12 ukitoa jumla ya doti zinazodaiwa njiani. Njia ikiwa na mtawala mmoja, bei inayomlipa zaidi ni doti 6: inapita misafara 6, anapata doti 36. Njia ikiwa na watawala wawili, kila mmoja akitafuta faida yake bila kumfikiria mwenzake, wataishia kutoza doti 4 kila mmoja. Jumla 8. Misafara inayopita ni 4 tu, na wote wawili wanapata 32. Yaani msafiri analipa zaidi, biashara inapungua, na watozaji wenyewe wanapata kidogo. Hakuna mjinga hapo, kila mtu amepiga hesabu yake sawasawa.

Simu yako nayo ina watozaji wa namna hiyo wamepangana: bando, makato ya kutuma pesa, VAT ya asilimia 18, halafu duka la programu. Mwanafunzi wa Morogoro akiuza aplikesheni yake kwa shilingi 5,000 na duka likakata asilimia 30, amebaki na 3,500 kabla hajalipia kitu kingine chochote.

Lakini Cournot asitudanganye tukadhani dawa ni kumpa mtu mmoja njia yote. Mmoja akiwa peke yake, hesabu ya doti 6 inafanya kazi tu kama hana mamlaka mengine. Akianza pia kuamua nani apite, abebe nini na alipe kwa sarafu gani, huo ni mchezo mwingine.

Mirambo wa Urambo aliujua mchezo huo. Mwaka 1871 aliifunga njia ya kutoka Tabora kwenda Ujiji baada ya kukosana na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora, na hongo ilikuwa sehemu ya ugomvi. Vita vyao viliendelea hadi mwaka 1875. Pembe za ndovu zilipungua sokoni Zanzibar kwa sababu ya mtu mmoja aliyekaa mahali pazuri kwenye ramani.

Huko pwani mambo yalikuwa tofauti, na sehemu hii huwa haisimuliwi vya kutosha. Sultani wa Zanzibar hakukusanya ushuru mwenyewe. Alikodisha forodha kwa mfanyabiashara, kwa miaka mingi nyumba ya Jairam Shivji, ambaye alimlipa Sultani kodi ya mwaka kisha akatoza bidhaa. Ni jukwaa la malipo kabisa, lenye mwendeshaji binafsi! Ila kwa bidhaa za kutoka nje alikuwa na ukomo: mikataba ya Zanzibar na Marekani ya 1833, kisha na Uingereza ya 1839, iliweka ushuru wa asilimia 5. Marekani na Waingereza walipata ukomo huo kwa sababu walikuwa na manowari na mabalozi. Mfanyabiashara wa bara aliyeleta pembe hakuwa na balozi, na pembe zake zilitozwa kwa taratibu nyingine, kwa frasila na kwa kutegemea zimetoka wapi. Asilimia ndogo huwa inamfikia mwenye uwezo wa kuondoka.

Sasa turudi Kilosa, Msowero, tarehe 29 Novemba 1884. Kila aliyesoma shule Tanzania anamjua Chifu Mangungo na Karl Peters. Jina la Mangungo limekuwa tusi. Mkataba wowote mbovu, iwe wa madini au wa bandari, lazima mtu aseme "huu ni mkataba wa Mangungo". Nadhani tunamwonea. Mkataba ule uliandikwa kwa Kijerumani. Uliitwa wa urafiki wa milele. Ndani yake Mangungo anatoa nchi yake yote na haki zake zote kwa matumizi ya ukoloni wa Kijerumani. Kuna kipengele kimoja ambacho kila nikikisoma nacheka kwa uchungu: Mangungo anatamka kwamba hayuko chini ya Sultani wa Zanzibar na wala hajui kama Sultani huyo yupo. Mtawala wa Usagara, ambako misafara ya Zanzibar ilipita mwaka nenda mwaka rudi, eti hajawahi kusikia habari za Sultani! Kipengele hicho hakikuandikwa kwa ajili ya Mangungo. Kiliandikwa kwa ajili ya msomaji aliyeko Berlin.

Mangungo yeye alikuwa na mfano wake wa makubaliano: mgeni anakuja, analeta zawadi, mnakunywa, mnafanya urafiki, anapita au anakaa kwa ruhusa yako. Hiyo ndiyo hongo. Aliweka alama yake kwenye kitu alichokifahamu, na karatasi ikasema kingine. Wewe na mimi tunabonyeza "Nakubali" kwenye masharti ya kurasa arobaini ya Kiingereza cha kisheria bila kusoma hata mstari, na tuna elimu ya chuo. Vigezo na masharti kuzingatiwa.

Tarehe 27 Februari 1885 Kaiser Wilhelm wa Kwanza alitoa hati ya ulinzi kwa kampuni ya Peters, siku moja baada ya mkutano wa Berlin kufungwa. Sultani Barghash alipinga, zikaletwa manowari mbele ya kasri yake, akanyamaza. Mwaka 1888 kampuni hiyo ikapata kwa Sultani Khalifa haki ya kukusanya ushuru wa forodha pwani kwa miaka 50. Angalia mwendo wake: ilianza na ardhi ya bara, ikaishia kwenye mlango wa malipo. Agosti 1888 ilipoanza kazi hiyo na kupandisha bendera yake, pwani ililipuka. Abushiri bin Salim wa Pangani na Bwana Heri wa Saadani waliongoza upinzani, na kampuni ikashindwa hadi serikali ya Ujerumani ilipotuma askari. Abushiri alinyongwa Desemba 1889. Watu wa pwani walikuwa wamelipa ushuru miaka yote bila kuasi. Safari hii mtozaji alikuwa pia mshindani wao wa biashara na mtunga sheria.

Na hilo ndilo lalamiko la watengenezaji wa aplikesheni leo. Apple ilipofungua duka lake Julai 2008, likiwa na aplikesheni kama 500, asilimia 30 haikuonekana dhambi. Kusambaza programu kupitia kampuni za simu kulikuwa kugumu na kwa bei mbaya. Kisima kilikuwa kimechimbwa kweli. Shida ilikuja baadaye, Apple ilipouza muziki wake ndani ya simu zilezile huku Spotify ikidaiwa kamisheni, na ikakataza aplikesheni kumwambia mteja kwamba kuna bei nafuu nje. Tarehe 13 Agosti 2020 Epic iliweka malipo yake yenyewe ndani ya Fortnite, dola 7.99 badala ya 9.99. Siku hiyohiyo mchezo ukaondolewa dukani. Tangu Januari 2021 wadogo wenye mapato yasiyozidi dola milioni moja kwa mwaka hutozwa asilimia 15. Mwaka 2021 mahakama iliamuru Apple iruhusu watu kuelekezwa nje. Apple ikaruhusu, kisha ikatoza asilimia 27 kwa malipo ya huko nje. Aprili 2025 jaji akasema hiyo ni kukaidi amri.

Mikumi mjini, kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa, mwenye nyumba ya wageni anayepata wateja kupitia Booking.com anaujua ugomvi huu bila kusoma kesi yoyote. Kamisheni huko kwa kawaida ni karibu asilimia 15. Kwa miaka mingi mtandao huo ulikuwa na masharti ya kuzuia hoteli kutangaza bei ya chini kwenye tovuti yao wenyewe, na mamlaka ya ushindani ya Ujerumani iliyapiga marufuku mwaka 2015. Kwa hiyo ukiona mhudumu wa mapokezi anakupa kadi yenye namba ya WhatsApp na kukuambia "ukirudi tupigie sisi wenyewe", ujue anatafuta njia ya kukwepa kisima.

Tanzania nayo imejaribu ukomo. Mwaka 2022 LATRA iliagiza kamisheni ya huduma za usafiri wa mtandaoni isizidi asilimia 15. Uber ikasitisha huduma Aprili mwaka huo, na Bolt ikabaki na wateja wa makampuni. Madereva walioshangilia wakajikuta hawana simu inayoita. Mapema 2023 ukomo ukawa umepandishwa hadi asilimia 25 na Uber ikarudi. Binafsi naona LATRA haikukosea kuweka ukomo. Ilikuwa na kisima kimoja tu cha kujadiliana nacho, na mwenye kisima angeweza kuhama. Leo safari ya shilingi 10,000 inaweza kukatwa hadi 2,500, na kwenye 7,500 inayobaki dereva anatoa mafuta, matengenezo na hesabu ya tajiri.