Mundic: jiwe ling'aalo linalobomoa nyumba

MUNDIC ni jina la kale ambalo wachimba migodi wa Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza, waliipa pairiti, madini ya chuma na salfa yang'aayo mithili ya dhahabu. Asili ya neno ni Kikorni, lugha ya wenyeji wa eneo hilo.

Waliotafuta bati na shaba waliyatupa pamoja na kifusi. Mapema katika karne ya 20, kifusi hicho, kwa kuwa kilikuwa tele, kikafanywa kokoto za kufyatulia matofali ya saruji. Kosa likajificha ukutani. Unyevu na hewa vikipenya, pairiti huzaa tindikali ya salfa, nayo huila saruji hadi tofali likamomonyoka.

Hadi leo, wakopeshaji hudai ukuta utobolewe na sampuli ichunguzwe kabla ya kumkopesha anayenunua nyumba ya enzi hizo.