Ngamia wa Kinu cha Ufuta

Historia ya Unguja ya karne ya 19 huandikwa kwa karafuu na pembe za ndovu. Ngamia wametajwa kwa nadra, ilhali walikuwapo mjini, wameletwa kwa majahazi kutoka pwani ya Banadir, na kazi yao kubwa ilikuwa kuzungusha vinu vya mafuta.

Kinu kilikuwa gogo nene lililochimbwa kati na kusimikwa ardhini. Ndani yake mchi mzito ulilazwa kwa mshazari, ukaungwa na boriti iliyobebeshwa mawe ili mchi ukandamize ukuta wa kinu. Ngamia alifungwa kitambaa machoni asishikwe na kizunguzungu, akafungiwa boriti, akazunguka. Ufuta ulipondeka, ukapata joto, mafuta yakachuruzika. Karibu nusu ya uzito wa punje ya ufuta ni mafuta, ila kinu cha mti hakiwezi kuyatoa yote. Yaliyosalia yalibaki kwenye mashudu, waliyolishwa mifugo.

Mafuta hayo yalipikiwa, yalipakwa mwilini, yaliwashiwa taa.

Ufuta mwingi mwingine haukufika kinuni. Baada ya mkataba wa 1844 kati ya Seyyid Said, mtawala wa Unguja, na Ufaransa, meli za Kifaransa zilichukua punje za pwani hadi Marseille, ambako zilikamuliwa viwandani na mafuta kuingia katika sabuni. Biashara hiyo iliwapa matajiri sababu ya kuirudia Malindi, iliyokuwa magofu, ikafufuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1860 chini ya Sultani Majid. Mashamba ya mtama na ufuta yakatanda. Ufuta haungoji mtu: vitumba vikikaukia shambani hupasuka na punje humwagika, kwa hiyo mashina hukatwa mapema, husimamishwa yakauke, kisha hukung'utwa juu ya mkeka. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa ilifanywa na watumwa, na kila gunia lililoondoka Malindi lazima lisomwe pamoja na jasho lao. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907.

Vitabu vya forodha vilihesabu kilichopakiwa melini, si kilichopimwa kwa kibaba mtaani. Ndiyo maana mnunuzi wa Marseille anajulikana kuliko mshindikaji wa Unguja, ingawa aliyelisha mji ni huyu wa pili.

Leo Lindi na Mtwara zinasifika kwa ufuta. Sehemu kubwa ya mavuno ya Tanzania bado husafirishwa ikiwa punje, hasa kwenda Asia, na mafuta pamoja na mashudu hupatikana hukohuko inakokamuliwa.