Mji wa Pangani: Mto, Bandari na Majengo Yaliyosalia

Mji wa Pangani, katika mkoa wa Tanga, umejengwa kwenye ukingo wa kaskazini wa mto Pangani, mahali ambapo mto huo unaingia katika Bahari ya Hindi. Ng'ambo kuna Bweni, chini ya kilima kinachoutazama mji. Kwa miaka mingi kilichounganisha pande hizi mbili ni kivuko na mitumbwi. Mgeni anayefika huoneshwa boma la zamani, jengo la forodha, nyumba za mawe zenye milango ya kunakshiwa na fukwe za Ushongo. Makala haya yanadai kwamba vivutio hivyo, vikitazamwa kimoja kimoja, huficha zaidi ya vinavyofichua. Maelezo yao yote yamo katika mto, na anayeanza na boma ameanza katikati ya hadithi.

Wapo wanahistoria waliowahi kuitafuta hapa Rhapta, bandari inayotajwa na mabaharia wa Kiyunani takriban miaka elfu mbili iliyopita. Wengine huipeleka kwenye delta ya Rufiji. Mjadala huo hauna haja ya kutuchelewesha, kwa kuwa Pangani tunayoiona leo ni zao la karne ya 19.

Katika karne hiyo mto ulikuwa mlango wa kuingilia bara. Misafara ilifuata bonde lake kuelekea Upare, Kilimanjaro na nchi ya Wamaasai, ikarudi na pembe za ndovu. Mwaka 1857 Richard Burton na John Speke walipita Pangani walipokwenda Vuga kuonana na Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Usambaa. Kandokando ya mto, Waarabu wa Oman na washirika wao walifungua mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, na sukari yake ikasafirishwa kwa majahazi. Watumwa hao hawakutii tu: walitoroka na kuanzisha vijiji vya watoro bara, jambo ambalo waongoza wageni hulitaja kwa nadra.

Habari ya Wazigua inastahili nafasi zaidi. Njaa iliyoikumba Uzigua katika miaka ya 1830 iliwasukuma watu kuteremka pwani, ambako wengi waliwekwa rehani au kuuzwa. Baadhi yao walisafirishwa hadi pwani ya Benadir kulima mashamba ya Wasomali. Waliotoroka walijenga makazi yao katika misitu ya mto Juba, wakaitunza lugha ya Kizigula kwa zaidi ya karne moja na nusu. Vita vya Somalia vya miaka ya 1990 viliwatawanya tena. Wengine walirejea Handeni, nchi ya mababu zao, na maelfu wakahamishiwa Marekani kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000. Mgeni wa Pangani huambiwa kwamba nguzo za boma zilisimamishwa juu ya watumwa waliozikwa wakiwa hai. Masimulizi hayo yatunzwe kama masimulizi, kwa sababu yanaonesha jinsi mji unavyoukumbuka utumwa. Hata hivyo, lugha ya bonde la Pangani inayosemwa hadi leo na watu waliotoka ukingoni mwa Juba ni ushahidi mzito kuliko nguzo yoyote.

Tukio lililoupa mji huu nafasi katika vitabu vya historia ni la Agosti 1888. Mwezi Aprili mwaka huo, Sultani Khalifa bin Said alikuwa ametia saini mkataba wa kuikodishia Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala na ushuru wa Mrima. Emil von Zelewski, wakala wa kampuni mjini Pangani, alidai bendera ya kampuni ipandishwe kwenye nyumba ya liwali. Liwali alikataa. Ikaja manowari Carola, ikashusha wanamaji, na wakazi wakalalamika kwamba Wajerumani wameingia msikitini na mbwa. Haya yalitokea katika siku za Idd kubwa, mji ukiwa umejaa watu wa bara waliokuja kwa sikukuu na kwa biashara. Mwezi Septemba Wajerumani walizingirwa ndani ya nyumba yao, na Lloyd Mathews, jemadari wa Sultani, ndiye aliyewatoa.

Vitabu vya shule huyaita mapambano hayo Vita vya Abushiri, kwa jina la Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye shamba la miwa Pangani. Jina hilo lina haki yake, lakini linapunguza mambo. Jonathon Glassman, katika kitabu chake Feasts and Riot cha mwaka 1995, ameonesha kwamba umati uliowafungia Wajerumani ulikuwa na watu wa tabaka la chini, wapagazi na wenyeji wa vijijini, wenye madai yao hata dhidi ya mabwana wa Kiarabu. Abushiri aliuongoza moto ambao hakuuwasha peke yake. Hermann von Wissmann aliuteka tena mji Julai 1889. Abushiri alisalitiwa na kukamatwa, kisha akanyongwa papa hapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Zelewski naye aliuawa mwaka 1891 huko Lugalo na askari wa Mkwawa, na hakuna sababu ya kudhani kwamba wazee wa Pangani walimlilia.

Kilichoumaliza mji si mizinga. Mwaka 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa, 62 tu ilifika hai, nayo ikapandwa Kikogwe, kusini ya mto. Zao lililoilisha Tanganyika kwa miongo mingi lilianzia mkabala na Pangani. Lakini mwaka huohuo ujenzi wa reli ulianza Tanga. Reli ilifika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911, ikafuata bonde lilelile la misafara bila kuuhitaji mdomo wa mto. Bidhaa zote zilizoshuka kwa mabega ya wapagazi zikageukia Tanga, na mdomo wa Pangani wenye mafungu ya mchanga haukuweza kupokea meli kubwa. Ukimya unaowavutia watalii leo ni matokeo ya uamuzi wa wahandisi. Nyumba za mawe zimesalia kwa sababu hapakuwa na fedha za kuzibomoa na kujenga mpya. Sasa zinaanguka kwa sababu hiyohiyo.

Mto wenyewe umebadilika. Bwawa la Nyumba ya Mungu la miaka ya 1960, vituo vya umeme vya Hale na Pangani, pamoja na umwagiliaji wa juu, vimepunguza maji yanayofika pwani, na chumvi ya bahari hupanda mtoni hadi kwenye minazi. Kisiwa cha Maziwe, ambacho wageni hupelekwa kutazama matumbawe, kilikuwa na mivinje na kasa waliotaga mchangani. Miti yake iliangukia baharini mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, na sasa ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa.

Mradi wa barabara ya lami kutoka Tanga kupitia Pangani na Saadani hadi Bagamoyo, pamoja na daraja juu ya mto, unairudishia Pangani njia iliyonyimwa mwaka 1893. Thamani ya viwanja vya ukingoni itapanda, na hivyo ndivyo vyenye forodha na nyumba za mawe. Orodha ya majengo hayo, yenye michoro, majina ya waliyoyamiliki na kumbukumbu za wazee wa pande zote mbili za mto, inapaswa kukamilishwa kabla ya wanunuzi kufika.