Nyufa za Makusudi: Jinsi Rangi ya Magari Ilivyolivika Gitaa la Umeme

Mwaka 2007 kampuni ya Fender ya Marekani ilitengeneza magitaa 300 ya umeme kwa kunakili gitaa moja tu, lile jekundu la mpiga gitaa Eddie Van Halen lenye michirizi myeupe na myeusi. Kila nakala iliuzwa dola 25,000. Mafundi hawakuacha kitu: walirudia mahali rangi ilipobanduka, mikwaruzo, hata alama za kuungua kwa sigara. Gitaa la asili halikugharimu hata robo ya robo ya fedha hizo. Van Halen alilijenga kwa mikono yake huko California miaka ya 1970, mwili akiununua kwa dola 50 kwa kuwa ulikuwa na kasoro, shingo kwa dola 80. Rangi aliyopulizia ilikuwa ya baiskeli za Schwinn. Alipiga nyeusi, akabandika tepu huku na huku, akapiga nyeupe, akabandua tepu. Mwaka 1979 alilirudia, safari hii kwa nyekundu.

Fidla ina vanishi yake, iliyopikwa na mafundi wake tangu kabla ya enzi za Stradivari. Gitaa la umeme halikuzaliwa na rangi. Kila lilichovaa liliazima: kutoka kiwanda cha baruti, kutoka karakana za magari, kutoka duka la baiskeli. Na katika kuazima huko ndiko kulikotokea jambo ninaloliona kubwa kuliko mengine yote katika historia hii: ufa, ambao wapiga rangi waliupiga vita miaka nenda miaka rudi, ukageuka pambo ambalo watu walikuwa radhi kulilipia.

Chanzo ni pamba. Mwaka 1846 mkemia Christian Friedrich Schönbein wa Basel, Uswisi, alitangaza kwamba pamba iliyolowekwa katika mchanganyiko wa asidi ya nitriki na asidi ya salfuriki hubaki na sura ileile ya pamba, ila ikiguswa na moto hulipuka. Majeshi yakaichangamkia. Baadaye ilibainika kwamba pamba hiyo, ambayo kitaalamu huitwa nitroselulosi, ikiyeyushwa katika vimiminika vinavyokauka upesi huacha utando mgumu unaong'aa. Humo ndimo zilimotoka selulodi, filamu za sinema za mwanzo, na laka.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha mwaka 1918, kampuni ya DuPont ilibaki na viwanda vikubwa vya nitroselulosi huku soko la baruti likiwa limeporomoka. Ilikuwa pia na hisa nyingi katika General Motors. Magari wakati huo yalipakwa rangi za mafuta na vanishi, tabaka juu ya tabaka, na gari moja liliweza kukaa kiwandani wiki mbili hadi nne likingoja kukauka. Ford yeye alishikilia nyeusi: kuanzia 1914 hadi 1925 Model T ilitoka kwa rangi hiyo moja. DuPont ikaja na Duco, laka ya nitroselulosi iliyobeba rangi nyingi na bado ikawa nyepesi kiasi cha kupulizwa kwa bunduki ya hewa. Magari ya Oakland ya General Motors ya toleo la mwaka 1924 yalitoka yamepigwa Duco ya buluu. Kazi ya wiki ikawa kazi ya saa.

Watengenezaji wa magitaa ya kawaida nao walihamia kwenye laka katika miaka hiyohiyo ya 1920, wakaacha vanishi ya spiriti iliyopakwa kwa mkono. Lakini walikuwa na mipaka. Gitaa la kawaida huimba kwa ubao mwembamba, na rangi nene huukaba ubao huo. Mipaka hiyo ililegea Leo Fender alipoanza kuuza magitaa ya ubao mzima huko Fullerton, California, mwaka 1950. Hapo sauti inachukuliwa na pikapu zilizo chini ya nyuzi, na mwili unaweza kufunikwa kwa rangi yoyote, unene wowote, bila gitaa kunyamaza.

Fullerton iko kusini mwa jimbo lililokuwa linapenda magari kwa moyo wote, na Fender hakuona haja ya kubuni rangi zake. Alinunua za DuPont. Mteja aliyetaka gitaa la Stratocaster la rangi maalumu aliongeza asilimia 5 juu ya bei, akapewa rangi ambayo jirani yake alikuwa akiiendesha barabarani. Fiesta Red ilitoka kwa Ford Thunderbird ya mwaka 1956. Surf Green ni ya Chevrolet ya 1957, na Lake Placid Blue ni ya Cadillac ya 1958. Mwaka 1959 Cliff Richard aliagiza Stratocaster kutoka Marekani kwa ajili ya Hank Marvin, mpiga gitaa wa bendi yake ya The Shadows, na wekundu wa gitaa lile ukawatia wazimu vijana wa Uingereza. Watengenezaji wenzao Gibson nao hawakukaa kando: gitaa lao la Firebird la mwaka 1963 lilichorwa na Ray Dietrich, mtu aliyejijengea jina kwa kubuni miili ya magari.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaijua laka hii hata kama hajawahi kushika gitaa. Ni NC, yaani nitroselulosi, ileile ambayo mafundi wa fenicha wa Keko na Gikomba huipuliza kwenye vitanda na makochi baada ya kuizimua kwa thina. Uzuri wake mkubwa ni kwamba kila koti jipya huyeyusha kidogo koti lililo chini, yakashikana yakawa kitu kimoja. Ndiyo maana kuitengeneza ni rahisi: mkwaruzo wa leo unaweza kujazwa kesho na usionekane. Fundi yeyote aliyewahi kuokoa meza iliyomwagikiwa kitu ataniunga mkono.

Ubaya wake huja polepole. Klia ya nitroselulosi, yaani koti la juu linaloonyesha rangi iliyo chini, hugeuka njano kadiri miaka inavyokwenda. Gitaa lililotoka kiwandani na Olympic White huwa rangi ya siagi, na Lake Placid Blue huelekea kijani, kwa sababu unaitazama buluu kupitia tabaka la njano. Kisha kuna nyufa. Vilainishi vilivyomo ndani ya laka hutoka kidogokidogo na kuiacha kavu, ilhali ubao ulio chini yake haukomi kutanuka na kusinyaa kwa joto na unyevu. Mpiga gitaa wa Chicago akitoa gitaa lake kwenye buti ya gari wakati wa baridi kali na kulifungua ghafla kwenye ukumbi wenye joto, laka hushindwa kuufuata ubao. Hukatika kwa mistari myembamba kama unywele, mingi ikipita kwa upana wa mwili wa gitaa.

Viwanda viliuona huo kuwa ugonjwa, vikautafutia dawa. Kampuni ya utangazaji ya CBS iliinunua Fender mwaka 1965 kwa dola milioni 13, na mwaka 1968 klia ya magitaa yake ikabadilishwa kuwa poliesta: nene, ngumu, inayokauka kwa mmenyuko wa kemikali badala ya thina kuruka hewani. Ufa wa baridi ulikaribia kutoweka. Wapigaji wengi hadi leo wanailalamikia poliesta ya miaka ile kwa unene wake, lakini mimi naiheshimu. Magitaa mengi ya wakati huo bado yanang'aa baada ya nusu karne ya kutumika.

Ndipo mambo yalipogeuka. Mwaka 1978, mwaka ambao albamu ya kwanza ya bendi ya Van Halen ilitoka, Grover Jackson alinunua karakana ya magitaa ya Wayne Charvel, na punde shughuli zake zikahamia San Dimas, California. Mwaka 1981 kituo cha televisheni cha MTV kikaanza kurusha matangazo, na gitaa likawa kitu cha kutazamwa kama lilivyokuwa kitu cha kusikilizwa. Kila kijana alitaka gitaa lisilofanana na la mwenzake. Wapiga rangi wa Jackson na Charvel wakachora miali ya moto, mafuvu na michirizi. Mwaka 1984 hata Fender, kampuni isiyopenda makeke, ilitoa Stratocaster za rangi iliyochanganywa mithili ya marumaru. Na kati ya mitindo yote ya miaka ya 1980, mmoja ulichukua ule ugonjwa wa zamani ukaufanya mapambo: rangi ya kupasuka. Gitaa jeusi lenye nyufa nyekundu, au jeupe lenye nyufa za buluu, mwili mzima kuanzia pembe hadi kitako.

Wazo lenyewe ni kongwe. Wafinyanzi wa China wa zama za nasaba ya Song walipasua glazi ya vyombo vyao kwa makusudi na kuzipa nyufa rangi, karne nyingi kabla ya gitaa la umeme kuwaziwa. Kwenye rangi ya mbao, siri ni kuyagombanisha makoti mawili. La chini ndilo litakaloonekana ndani ya ufa, kwa hiyo ndilo hupigwa kwa rangi kali. La juu ni laka iliyojazwa unga mwingi wa rangi na gundi kidogo mno, ikazimuliwa kwa vimiminika vinavyoruka haraka. Likitua tu, uso wake huanza kukauka na kujivuta. Halina nguvu ya kujishikilia, na koti la chini limelainishwa na thina kiasi cha kuliacha lisogee. Linachanika.

Hapa ndipo ufundi unapopimwa, kwa sababu fundi ana nafasi moja tu. Akipuliza nyembamba, anapata nyufa ndogo zilizobanana. Akipuliza nene, anapata nyufa pana na visiwa vikubwa vya rangi katikati. Akiona sehemu imepungukiwa akarudi kuongeza, koti la pili huziba nyufa zilizokwisha kufunguka na kuacha baka lisilotengenezeka. Kwa hiyo mwendo wa mkono lazima uwe sawa kutoka ukingo hadi ukingo, na kwenye kona za gitaa, ambako rangi hupenda kurundikana, mkono lazima uharakishe. Kisha fundi anasimama kando. Nyufa huanza kufunguka mbele ya macho yake, na hakuna mtu anayeweza kuziamuru zipite wapi. Ndiyo maana hakuna magitaa mawili ya aina hii yanayofanana, hata yakitoka mkono mmoja siku moja. Nakiri naupenda mtindo huu kwa sababu hiyo hasa.

Rangi iliyopasuka, ikiachwa hivyo, haifai kitu. Imefifia, inachubuka kwa kucha, na uso wake umejaa mabonde. Inahitaji klia, na klia ndiyo inayoweza kuiua. Koti la kwanza likimwagwa zito, thina yake hulainisha visiwa na kuvikunja. Fundi mzoefu huanza na ukungu mwepesi, anaacha ukauke, anarudia, mpaka nyufa zifungwe salama chini. Baada ya hapo ndipo anapopiga makoti mazito ya kujaza mabonde. Klia ikiwa ni nitroselulosi, gitaa huning'inizwa wiki kadhaa, maana laka inayoonekana kavu juu huwa bado inasinyaa ndani. Kisha msasa wa maji: namba 400 au 600 ya kusawazisha, 800, 1000, hadi 2000, na mwisho dawa ya kung'arishia. Msasa ukizidi kwenye kona, kisiwa kinatoboka na rangi ya chini inachungulia mahali ambapo hakuna ufa. Maji yakiingia kwenye matundu ya skrubu, ubao unavimba na kuipasua klia pembeni mwake.

Wengi siku hizi hutumia klia ya 2K, ile ya magari yenye kigandishi chake. Inajaza upesi na haisinyai sana. Lakini kigandishi hicho kina aisosayaneti, kemikali inayoweza kuharibu mapafu kwa kudumu, na barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Karakana isiyo na vifaa kamili vya kupumulia isiiguse.

Mtindo wa nyufa ulizimika karibu ghafla. Septemba 1991 bendi ya Nirvana ilitoa albamu ya Nevermind, mpiga gitaa wake Kurt Cobain akaonekana na magitaa ya Fender yaliyochakaa, na vijana wakaanza kuona haya kwa mng'aro wa miaka ya nyuma. Mwaka 1995 Fender ikaanza kuuza magitaa mapya yaliyozeeshwa kwa makusudi chini ya jina la Relic, yakiwa yamebanduliwa rangi na kutiwa kutu, na soko likayapokea kwa mikono miwili. Mafundi wengine hupuliza baridi kali kwenye laka ili ikatike kama iliyopitia miaka arobaini ya majukwaa. Kazi yao ni ya ustadi mkubwa. Hata hivyo, kwa hukumu yangu, gitaa la San Dimas lenye nyufa nyekundu lilikuwa na ukweli zaidi. Halikudai umri ambao halikuwa nao. Lilipasuka kwa sababu fundi alitaka lipendeze.

Kwa msomaji mwenye hamu ya kujaribu, nina ombi moja. Ukiwa na gitaa la zamani lenye rangi yake ya kiwandani, hata kama imepauka na kupasukapasuka, usilitie msasa: rangi hiyo ikitoka hairudi, na gitaa hupoteza sehemu kubwa ya bei yake. Tafuta mwili mtupu wa bei nafuu. Ziba kwa tepu mahali shingo inapoingia, maana rangi ikirundikana pale shingo haitakaa. Kisha pasua rangi kwanza kwenye vipande vya mbao, vingi iwezekanavyo, hadi mkono ujue unene unaoutaka.