Waliosahihisha Kodeksi ya Sinai

Kwa miaka mingi nilipata mkate wangu kwa kusoma prufu: magazeti usiku, vitabu vya shule mchana. Kazi hiyo inampa mtu tabia ya kuushuku ukurasa safi. Prufu ikirudi haina hata alama moja ya kalamu nyekundu, mara nyingi ujue hakuna aliyeisoma. Ndiyo maana mzungumzaji wa mhadhara anaponadi kwamba Biblia za kale haziaminiki kwa sababu zimejaa masahihisho, mimi humtazama kwa jicho la pembeni.

Chukua Kodeksi ya Sinai. Ni Biblia ya Kigiriki iliyonakiliwa kwa mkono karne ya 4, juu ya ngozi za wanyama, kwa safu nne katika kurasa nyingi. Ndiyo nakala kongwe kuliko zote tulizonazo yenye Agano Jipya zima. Masahihisho yake ni karibu 30 kwa wastani kila ukurasa, mengine ya wanakili wenyewe, mengine ya watu waliokuja baada yao kwa karne kadhaa.

Mwaka 1938, Milne na Skeat wa British Museum walichapisha uchunguzi wao wa miandiko hiyo. Waliwatenganisha wanakili watatu, ambao majina yao hayakuandikwa popote, wakawaita A, B na D. D alikuwa fundi, tahajia yake imenyooka. B, aliyekabidhiwa vitabu vya manabii, ni balaa. Ningekuwa msimamizi wa chumba kile cha kunakilia, nisingempa Isaya.

A ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya Agano Jipya, na makosa yake nayafahamu kama ya jirani yangu wa meza. Katika 1 Wakorintho 13, Paulo anarudia-rudia maneno ya kukosa upendo. Mnakili aliinua macho kutoka kwenye nakala anayoifuata, alipoyarudisha yakatua kwenye marudio ya mbele, na kipande kizima kikabaki nje. Hakuna hila hapo. Ni uchovu, na kipande kikarudishwa pembezoni.

Penye mwisho wa Injili ya Yohana pananivutia zaidi. Constantin von Tischendorf, msomi wa Kijerumani aliyeitangaza kodeksi hii Ulaya, aliona aya ya mwisho kabisa, 21:25, haifanani sawasawa na zilizotangulia, akadhani imeongezwa na mtu mwingine. Baadaye ukurasa ule ulimulikwa kwa miale ya urujuanimno kule London. Kumbe mnakili alikuwa amemalizia kwenye aya ya 24, akachora pambo la kufunga kitabu na kuandika jina la Injili. Kisha akayaosha yote hayo, akaandika aya ya 25, akachora pambo upya. Mkono ni ule ule.

Huyo Tischendorf nina neno naye. Alisimulia kwamba mwaka 1844, katika monasteri ya Mtakatifu Katerina chini ya mlima Sinai, alikuta karatasi za kodeksi kwenye kapu la vitu vya kuchomwa moto. Watawa wanakana mpaka leo, na shahidi wa kapu ni yeye peke yake, aliyeondoka na karatasi 43. Mwaka 1859 alichukua sehemu kubwa iliyobaki, akaacha stakabadhi ya kuahidi kuirudisha. Ikaishia kwa mfalme wa Urusi, na mwaka 1933 serikali ya Kisovieti ikaiuzia Uingereza kwa pauni 100,000. Mwaka 1975 watawa walipata vipande vingine ndani ya ukuta wa monasteri yao, na vipande hivyo hawakumpa mtu.

Turudi kwenye kalamu. Fungua Biblia ya Muungano, Mathayo 17:21, ile aya ya kusali na kufunga isiyokosekana kwenye mikesha. Imewekwa ndani ya mabano. Katika Kodeksi ya Sinai mnakili wa kwanza hakuiandika. Aliyeiongeza ni msahihishaji wa baadaye. Katika Luka 22:43-44, penye jasho kama matone ya damu, mambo yalikuwa kinyume: mnakili aliziandika aya hizo, msahihishaji mmoja akaziwekea alama za kuziondoa, na mwingine akaja akazifuta zile alama. Wote watatu bado wanaonekana kwenye ngozi ile ile. Anayetaka kughushi haachi ushahidi wa namna hiyo.

Ila kusahihisha hakutoshi. Lazima ujue umelinganisha na nini. Hapa msahihishaji mmoja amenishinda. Mwishoni mwa Esta aliacha maelezo kwamba amelinganisha na nakala ya kale sana, iliyosahihishwa kwa mkono wa Pamfilo mfiadini, ambaye aliifanya kazi hiyo akiwa gerezani, Antonino akilinganisha pamoja naye. Pamfilo aliuawa Kaisaria mwaka 310 hivi. Sisi kwenye kiwanda cha uchapaji tuliweka sahihi ya herufi mbili tu, basi.

Haya yote hayathibitishi kila aya. Kisa cha mwanamke aliyefumaniwa, Yohana 7:53 hadi 8:11, hakimo katika Kodeksi ya Sinai, wala katika ile ya Vatikano, na hakuna msahihishaji wa Sinai aliyekiona kuwa kimerukwa. Hakimo pia katika papiri ya Yohana iliyohifadhiwa karibu na Geneva, inayoitwa P66, ambayo wataalamu wengi huiweka karibu na mwaka 200. Nakipenda kisa hicho, lakini ningekuwa mezani ningekiwekea mabano. Hata P66 ina masahihisho zaidi ya 400, mengi kwa mkono wa mnakili mwenyewe, na hakuna hata moja linalokirudisha.