Vinyago vya tiki katika runinga ya zamani

Leo naomba tuweke msimbo kando kidogo tuzungumzie vinyago. Kama umewahi kukaa na watoto mbele ya runinga wakitazama SpongeBob SquarePants, bila shaka umeiona nyumba ya jirani yake, yule Squidward mwenye kununa. Nyumba yenyewe ni kichwa kikubwa chenye pua ndefu. Kimeigwa kutoka kwa moai, yale masanamu ya mawe ya Rapa Nui, ambacho wengi hukiita Kisiwa cha Pasaka. Muziki nao ni wa gitaa la Hawaii. Kutoka Hawaii hadi Rapa Nui ni zaidi ya kilomita 7,000, yaani mbali kuliko Nairobi hadi London. Mbona basi katuni hii iliyoanza mwaka 1999 inaviweka pamoja kana kwamba vimetoka kijiji kimoja?

Kosa si la SpongeBob. Alirithi ghala la mapambo lililojengwa kabla waliomchora hawajazaliwa.

Mambo yalianzia kwenye baa. Marekani ilipoondoa marufuku ya pombe mwaka 1933, bwana mmoja aliyejiita Donn Beach alifungua baa huko Hollywood na kuipamba kwa mianzi, mikeka, nyavu za wavuvi na vitu vya visiwani. Victor Bergeron, maarufu kama Trader Vic, akafuata nyayo upande wa Oakland. Kisha vikaja Vita vya Pili vya Dunia, na maelfu ya vijana wa Kimarekani wakapelekwa Pasifiki. Waliporudi walikuta hadithi za James Michener (1947) na habari za Thor Heyerdahl, Mnorwe aliyevuka bahari mwaka huo huo juu ya chelezo chake Kon-Tiki kwa siku 101. Tarehe 21 Agosti 1959, Hawaii ikawa jimbo la 50 la Marekani. Oktoba ya mwaka huo huo, kituo cha ABC kilianza kuonyesha vipindi viwili vya visiwani: Hawaiian Eye, cha wapelelezi wa Honolulu, na Adventures in Paradise, cha nahodha wa jahazi. Jahazi lake liliitwaje? Tiki, naam.

Sasa hapa ndipo sisi watu wa kompyuta tunapoweza kuelewa haraka. Vipindi hivi vilirekodiwa zaidi katika studio za California, si visiwani. Mpambaji wa seti alikuwa na bajeti ndogo, siku chache, na mtazamaji ambaye ni lazima atambue ndani ya sekunde mbili kwamba yuko kisiwani. Afanyeje? Mnazi peke yake hautoshi, kwani hata Los Angeles kuna mitende kila barabara. Lakini ukisimamisha gogo lililochongwa macho makubwa na mdomo uliokenua meno, kazi imekwisha. Kumbuka pia kwamba runinga nyingi za wakati ule zilikuwa ndogo na hazikuwa na rangi. Mawimbi ya bahari kwenye kioo kile yalionekana kama uji. Mistari minene iliyokatwa kwa patasi, mianzi, makuti: hivyo vilionekana vizuri hata kwa nyeusi na nyeupe. (Aliyewahi kukaa chini ya paa la makuti katikati ya Nairobi akajihisi yuko Malindi anaijua nguvu ya majani makavu.)

Kwa lugha yetu, tiki ilikuwa ikoni. Fikiria ile picha ya disketi unayobonyeza ili kuhifadhi faili. Kuna vijana wanaoibonyeza kila siku na hawajawahi kushika disketi maishani. Picha imeachana na kitu chenyewe na sasa inasimama badala ya tendo. Tiki ya runinga nayo iliachana na asili yake ikabaki kumaanisha "kisiwa", "likizo", au "kuna laana hapa".

Na kama ikoni nyingine yoyote, ilikuwa na watengenezaji wake. Mwaka 1956 vijana wawili, LeRoy Schmaltz na Bob Van Oosting, walianzisha karakana ya Oceanic Arts. Makao yake yalikuwa Whittier, karibu na Los Angeles, na ikawa duka la kukimbilia kwa wenye mahoteli, mabaa na watengenezaji wa filamu, mpaka ilipofungwa mwaka 2021. Ukihitaji kinyago cha mtindo wa Hawaii, cha Wamaori au cha New Guinea, unakipata chini ya paa moja, kama sisi tunavyovuta maktaba ya ikoni iliyokwisha kuandaliwa.

Lakini wale wawili walijifunza sanaa waliyoiga. Waandishi wa michezo ya runinga hawakujisumbua hivyo. Chukua Gilligan's Island, kichekesho cha CBS cha watu saba waliokwama kisiwani (1964 hadi 1967, sehemu 98, zile za msimu wa kwanza zikiwa bila rangi). Kipindi cha majaribio kilipigwa kisiwani Kauai, kisha wakahamia ziwa la kuchimbwa ndani ya uwanja wa studio Los Angeles. Katika sehemu moja ya msimu wa kwanza, nahodha anafukua kinyago na kuamini kwamba amepatwa na laana ya Kona. Kona! Hilo ni jina la eneo la kisiwa kikubwa cha Hawaii, linalosifika kwa kahawa. Ni kama mtu atunge hadithi ya mzimu wa kutisha wa Kiafrika aupe jina Nyeri.

Wenyewe wana maneno yao. Katika masimulizi mengi ya Wamaori, Tiki ni mtu wa kwanza kuumbwa. Hawaii sanamu kama hizo huitwa ki'i. Nyingine ziliwakilisha miungu, nyingine mababu, na kuzigusa ovyo kulikuwa tapu, yaani mwiko. Ndilo neno ambalo nahodha James Cook alilisikia Tonga mwaka 1777 na kulipeleka katika Kiingereza. Tusichanganye na tabu yetu sisi, iliyotoka kwa Waarabu ikiwa na maana ya shida, ingawa waandishi wa runinga walizifanya zote mbili kitu kimoja: ukigusa mwiko, shida inakuja.

Hapo ndipo tunafika kwenye kipindi maarufu kuliko vyote kwa jambo hili. Mwaka 1972 familia ya The Brady Bunch ilikwenda Hawaii kwa sehemu tatu mfululizo. Mtoto Bobby anaokota tiki ndogo mahali panapojengwa jengo, wanaivaa shingoni kama kidani, na mikosi inaanza: pambo la ukutani linaanguka nusura limpige mtu, kaka mkubwa anatupwa na wimbi. Mwishowe wavulana wanaamua kuirudisha ilikotoka, kwenye kaburi la mfalme wa kale. Watu walicheka sana. Mimi pia nimecheka.

Ila ukijua kilichofuata, kicheko kinapungua. Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Honokahua kisiwani Maui, maandalizi ya ujenzi wa hoteli kubwa yalifukua mabaki ya watu zaidi ya 900. Wenyeji wa Hawaii waliandamana, ufukuaji ukasimamishwa, hoteli ikasogezwa mbali na ufuo, na wafu wakazikwa tena palepale. Mwaka 1990 Marekani ikapitisha sheria ya kurudisha mabaki na vitu vitakatifu vya wenyeji vilivyokuwa katika majumba ya makumbusho. Jambo lilelile la kipindi, kitu cha kaburini kufukuliwa kwenye ujenzi na kurudishwa, isipokuwa safari hii waliofukuliwa walikuwa na wajukuu waliosimama pale wakitazama.

Wakati California inachonga vinyago kwa mamia, Hawaii yenyewe ilikuwa imebaki na vichache mno. Mwaka 1819 watawala wake waliifuta dini ya kale, mahekalu yakabomolewa na sanamu nyingi kuchomwa. Sanamu kubwa za mungu Kū za aina moja mashuhuri zinazojulikana leo ni tatu tu: moja iko Bishop Museum mjini Honolulu, moja British Museum, London, na moja Peabody Essex Museum, Salem, Massachusetts. Mwaka 2010 zilikutanishwa Honolulu kwa mara ya kwanza baada ya karibu miaka 200. Zilisimama katika ukumbi mmoja kwa miezi michache, watu wakaja na sadaka na nyimbo. Kisha mbili zikafungwa ndani ya masanduku, moja ikarudi London na nyingine Salem.