Chemirocha na Duma

Wahenga walisema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Je, mwimbaji apokeaye muziki wa kigeni huacha asili yake? Historia ya Kenya yatoa jibu.

Katika mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa nyimbo za Afrika, alizinasa sauti za wasichana wa Kipsigis, katika Bonde la Ufa, magharibi ya Nakuru, wakimwimba mtu waliyemwita Chemirocha. Huyo alikuwa Jimmie Rodgers, mpiga gitaa wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye sauti yake ilifika kwao kwa sahani za santuri. Wasichana hawakumwiga, walimgeuza kiumbe nusu mtu nusu paa, wakamwimba kwa kinubi cha kwao.

Nyimbo za namna ya Rodgers zilichangia kuzaliwa kwa rokenroli, na katika rokenroli ukachipuka muziki mzito wa metali, ambao nao ulifika Kenya. Mwaka 2019 Martin Khanja na Sam Karugu, waliotoka katika bendi za metali za Nairobi, waliunda kikundi kipya, wakachanganya gitaa, mayowe na midundo ya mashine. Wakakiita Duma, yaani giza kwa lugha ya Kikuyu. Albamu yao ya kwanza, iliyorekodiwa Kampala, ilitoka mwaka 2020.

Basi hao wote walipokea cha mgeni, wakakipa jina kwa ulimi wa nyumbani. Mtumwa hupewa jina na bwana wake. Hawa ndio waliotoa jina.